Mbio za Fahali za Walter

Walter alifungua mlango akiwa amejifunga kitambaa chekundu shingoni. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumatano ya kwanza ya Agosti 1997, joto la Minneapolis likiwakamua watu jasho hata wakiwa wamekaa, na huyu bwana alikuwa amejipamba kwa sherehe ndani ya nyumba yake mwenyewe. Badawy alikitazama kitambaa, akamtazama mwenye shingo, akajua leo atahitaji subira kubwa kuliko aliyonayo.

"Karibu, Mzee Badawy," Walter alisema. "Nilijua utapanda tu. Kila mtu anapanda huku kusikia habari za Pamplona."

"Mimi nimepandia habari za gari lako."

"Hizo nilishawaambia polisi."

"Niambie na mimi. Masikio yangu mabovu, nitakuomba urudierudie."

Ilikuwa ghorofa ya ishirini na mbili ya moja ya majengo yale marefu ya Cedar-Riverside. Sebuleni palikuwa na kochi, televisheni, na bango kubwa la fahali mweusi lililobandikwa mahali ambapo watu wengine huweka picha ya mama yao. Jikoni, penye uwazi usio na mlango, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye masharubu, alikuwa akiosha vyombo. Huyo ni Brighton, mtoto wa shangazi yake Walter, mfanyakazi wa dobi la hospitali. Walter ndiye aliyemleta Amerika, na hakumpa nafasi ya kusahau.

Badawy alikaa bila kuambiwa. Miaka kumi na saba alikuwa askari wa upelelezi Mombasa, kabla ya kumfuata binti yake huku kwenye barafu. Siku hizi alimfanyia kazi wakili mmoja Mmarekani, Susan, mama wa makamo aliyewatetea watu wasiokuwa na mtetezi. Na mteja wa Susan wa sasa alikuwa Zachariah, kijana wa Nyeri aliyebakiza muhula mmoja tu awe mfamasia, ambaye leo alikuwa na siku ya ishirini mahabusu.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Ijumaa ya tarehe kumi na moja Julai, saa kumi na mbili na robo asubuhi, gari la Walter, Toyota ya kijivu, lilipanda ukingo wa barabara kule Brooklyn Center, kitongoji cha jirani, likamgonga Jairus, Mkenya mwenzao, aliyekuwa akingoja basi baada ya zamu ya kuhudumia wazee. Dereva hakusimama. Jairus bado alikuwa hospitali, macho amefumba, akipumua kwa mashine. Gari lilikutwa mitaa mitatu mbele, taa imevunjika. Walter alisema yeye alikuwa Spain tangu tarehe nne hadi kumi na sita, kwenye sherehe ya kukimbizwa na mafahali mjini Pamplona, na ufunguo wa akiba alimwachia Zachariah. Zachariah alikiri ufunguo anao, wa kuhamishia gari siku za kufagia barabara, lakini alisema gari hakuligusa tangu Juni. Alama za vidole vyake zilikuwa kwenye usukani. Asubuhi ile alikuwa kitandani, peke yake, na kitanda hakitoi ushahidi.

Mwendesha mashtaka alikuwa ametoa ofa: akiri, afungwe miaka miwili, kisha arudishwe kwao. Akikataa na Jairus akafa, itakuwa habari nyingine kabisa. Ofa ilikuwa inakufa leo saa nane mchana, na jana Zachariah alimwambia Susan kwamba amechoka, atasaini.

"Pasi yako naomba niione," Badawy alisema.

"Iko ubalozini Washington. Inabadilishwa."

"Tangu lini?"

"Tangu nirudi."

Badawy aliandika. Pasi za waongo, alivyoona yeye, zilisafiri kuliko wenyewe. Shirika la ndege nalo lilikuwa limemjibu Susan kwamba orodha ya abiria itachukua siku kumi.

"Ushahidi mwingine?"

Walter alimletea picha. Ilikuwa picha ya barabara nyembamba baina ya nyumba ndefu za zamani zenye roshani, watu mamia kwa mamia wamevaa nyeupe na vitambaa vyekundu, na nyuma yao pembe. Kidole chake kilitua juu ya kichwa kimoja cheusi katikati ya vurugu, kidogo kama punje ya choroko.

"Huyo ni mimi."

"Huyu?"

"Huoni mabega?"

Badawy hakuona mabega. Aliona kitone cha wino. Na hiki kitone ndicho polisi wa kwanza aliyefika hapa alichokitazama, akamuuliza Walter kama hakuogopa, akamshika mkono, akaenda zake kumkamata Zachariah. Badawy alipolifikiria hilo alitamani kutema mate, ila zulia lilikuwa la watu.

"Haya, nisimulie. Fahali mwenyewe yukoje?"

Walter alijiegemeza kwenye kochi kwa raha zote. "Mzee, ile si ng'ombe ya kukamua. Ni mlima. Kichwa chini, pembe hivi, na hapa nyuma ya shingo nundu imesimama, inatikisika akikimbia."

Badawy alisita kuandika, akaweka alama pembeni. Jana nzima alikuwa maktaba akisoma kitabu cha wasafiri juu ya mji huo, na binti yake alikuwa amewahi kumwambia kwamba ng'ombe wa Wazungu hawana nundu. Mtu wa bara anahadithia ng'ombe wa kwao. Je, ameshamnasa mapema hivi?

"Nundu," alisema. "Una hakika? Ng'ombe wa Ulaya?"

Walter aliinuka, akaenda kwenye bango, akapitisha kiganja juu ya shingo ya yule fahali mweusi. Nyama ilikuwa imevimba hapo kweli, mlima mzima, nundu au si nundu, jina atakalo mtu. "Hii ni nini, Mzee? Nyinyi watu wa pwani mmezoea papa na changu. Ng'ombe mnamjua akiwa kwenye ndoano."

Jikoni Brighton alicheka kidogo. Badawy akameza aibu yake, akafuta alama aliyokuwa ameiweka. Kudhalilishwa na mtu unayemdharau ni kubaya zaidi, na hasira ilimpanda mpaka masikioni.

Akaendelea na ya kitabuni. Mbio huanza saa ngapi? Saa mbili kamili asubuhi. Ishara ni nini? Fataki, ya kwanza zizi likifunguliwa, ya pili mafahali wote wakishatoka. Wangapi? Sita, pamoja na maksai wenye njuga wa kuwaongoza. Mwendo gani? Karibu kilomita, dakika tatu hivi, mpaka uwanja wa michezo. Kando ya njia kuna nini? Nyua za mbao, mtu akizidiwa anaruka.

Majibu yalitoka bila kugwaya, na kwa mpangilio ule ule. Hapo ndipo Badawy alipotambua: jamaa alikuwa amesoma kitabu kile kile, labda nakala ile ile, mpaka ukurasa ule ule. Hakuwa akikumbuka, alikuwa akisoma kichwani. Lakini kumjua mtu mwongo si kumthibitisha, na saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu. Akimuuliza ya kitabuni watakaa mpaka saa nane wakisomeana.

Sasa akabadilisha sauti. Aliiweka kalamu chini, akavua miwani, akaanza kumvika mtu huyu kilemba cha ukoka.

"Walter, nikwambie kweli. Nimezeeka nikikimbiza wezi wa baiskeli Majengo. Sijapata kuona mtu wetu mweusi akaenda mahali kama huko akasimama mbele ya mnyama kama yule. Watu wazima, hakuna mwizi wala moto, wanakimbia tu. Inataka moyo."

"Inataka, Mzee," Walter alikubali, kwa unyenyekevu wa kuchukiza.

"Nimesikia kabla ya mbio watu hukusanyika mbele ya sanamu ya mtakatifu wao, wakaimba."

"Tunaimba, ndiyo. Mara tatu."

"Niimbie."

Kitabuni maneno ya wimbo hayakuwepo. Badawy alikuwa ametafuta. Wala kitabu hakina sauti. Macho ya Walter yalikwenda dirishani yakarudi.

"Ni lugha ya kale ya huko," alisema. "Kibaski. Hutaelewa kitu."

"Sitaki kuelewa, nataka kusikia. Au umesahau? Kama umesahau si neno, umri."

Mwingine angesema amesahau, yakaisha. Lakini Walter alikuwa mtu wa kupiga chuku, na wapiga chuku hawakubali kushindwa mbele ya mtu aliyetoka kuwasifu sasa hivi. Alikohoa. Akapiga paja kwa kiganja, mara mbili. Akaanza kuimba, na haki ya mtu mpe, sauti alikuwa nayo: nzito, yenye kupanda ghafla, kama ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Maneno Badawy hakuyatambua. Walter aliuvuta mstari ukafika juu kabisa, akaukata.

Na jikoni Brighton akajibu.

Alijibu palepale, kwa sauti ya chini ya kifua, huku mguu wake ukipiga sakafu na sahani ingali mkononi inachuruzika maji. Alijibu mstari mzima, hadi mwisho wake, kisha ndipo akasikia alichokifanya. Sahani aliirudisha majini taratibu.

Walter alikuwa amegeuka rangi. "Nilimfundisha mimi," alisema upesi. "Niliporudi. Ninauimba sana hapa ndani."

"Bila shaka," Badawy alisema. "Brighton, kausha mikono tuzungumze koridoni."

"Hana la kusema huyo."

"Basi hatatukawiza."

Korido ya ghorofa ilikuwa ndefu na yenye taa hafifu. Ubani wa Wasomali wa mlango wa jirani ulikuwa umetanda, na mama mmoja alipita na mifuko ya sokoni, akawasalimu, wakamwitikia. Badawy alingoja aingie kwake. Mtu na nduguye huwatenganishi kwa ubaya. Unawatenganisha kwa sababu wakiwa pamoja kila mmoja anausaidia uongo wa mwenzake.

"Umewahi kutoka Minnesota wewe?"

"Nilienda Chicago. Mara moja."

"Kibaski unakijua?"

Brighton alitazama mikono yake. Ilikuwa bado na povu.

"Ule wimbo ni wa wapi?"

"Nyumbani," alisema hatimaye. "Kakamega, Khayega huko. Fahali akipelekwa uwanjani kupigana na fahali wa kijiji kingine, watu wanamsindikiza asubuhi wakiimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanapokea."

"Na wewe ukapokea."

"Mzee, mtu wa kwetu akianzisha ule wimbo huwezi kumwacha. Ukinyamaza ni kama umemwangusha mbele ya watu. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, sikuwaza."

"Na Zachariah? Yeye umemwacha wapi?"

Brighton alijipangusa povu kwenye suruali. Badawy hakumhurumia hata chembe. Alikuwa amekwisha kusikia mengi juu ya Brighton kwa watu wa kanisa lao.

"Nasikia Jumapili iliyopita wewe ndiye uliyeongoza sala kanisani. Ukasimama, ukafumba macho, ukamwombea Zachariah Mungu amfungulie milango ya jela. Mimi ni Mwislamu, sala zenu sizijui vizuri. Nieleze: ulipokuwa umefumba macho, ulikuwa unajua nani alikuwa akiendesha gari lile?"

Lifti ilifunguka, ikajifunga, haikutoa mtu.

"Hakwenda Spain," Brighton alisema. "Alinyimwa visa. Alikwenda ubalozi mdogo wao Chicago, wakamkatalia. Na alishaaga, Mzee. Alikuwa ametangazia Wakenya wote. Tulimfanyia karamu ya kumuaga, mchungaji akaombea safari, wanawake wakapika chapati. Angerudije kusema amenyimwa?"

"Akajificha."

"Kwangu. Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba cha chini ya nyumba ya mama mmoja Brooklyn Center. Alikaa humo siku kumi na mbili, mapazia yamefungwa, anasoma vitabu vya Spain. Hicho kitambaa aliletewa baadaye na Brigitha, yule dada Mtanzania aliyekwenda huko na darasa lake la Kihispania. Na picha pia. Brigitha alidhani ni zawadi tu."

"Siku kumi na mbili hatoki?"

"Alikuwa anatoka alfajiri, kabla Wakenya hawajaamka. Anaendesha kidogo, ananunua kahawa, anarudi. Ile Ijumaa alikuta Jairus kituoni." Brighton alijifuta midomo. "Jairus alilitambua gari. Akampungia mkono. Walter akaona ameonekana, akainama asitambulike. Aliinama mzima, Mzee, kichwa chini ya usukani. Alipoinuka alikuwa ameshapanda juu ya ukingo."

Badawy aliwahi kusikia watu waliogonga kwa ulevi, kwa usingizi, kwa kukimbia polisi. Hii ya mtu kumgonga mwenzake kwa kuogopa kusalimiwa hakuwahi kuisikia. Mtu alikuwa amelala kwa mashine, na mwingine alikuwa mahabusu, ili Wakenya wa Minnesota wasijue kwamba Walter alinyimwa visa.

Mlango ulikuwa umefunguka nyuma yao. Walter alisimama pale, kitambaa chake shingoni.

"Brighton," alisema. "Nani alikuleta nchi hii?"

Brighton aliinama.

"Nilikuandikia barua ya udhamini. Nikakupokea airport. Nikakununulia hata koti la baridi. Leo unaniuza kwa huyu mzee?"

"Jairus alikusalimu," Badawy alisema. "Ungemrudishia mkono."

"Wewe huelewi. Watu wangenicheka, Mzee. Wangenicheka mpaka nyumbani. Mama yangu alikuwa ameshawaambia majirani." Sauti yake ilikuwa imepasuka, na machozi yalikuwa karibu. "Ilikuwa ajali tu. Nilitaka nirudi, nikaogopa. Zachariah naye ni kijana, miaka miwili si mingi. Ningemlipia hata tiketi."

Badawy alimtazama huyu mkimbia mafahali. Ubaya wa mtu mbaya aliuzoea. Mtu mbaya unamwogopa, unampangia. Huyu alikuwa mdogo tu, na udogo wake ulikuwa umetosha kuwaharibia watu wawili maisha.

"Kukukamata si kazi yangu," alisema. "Wenyewe watakuja. Brighton, viatu."

Brighton alisimama baina yao, miguu mitupu. Badawy hakumsukuma. Alijua kwamba akimshika mkono atakuja, na mbele ya hakimu atasema alilazimishwa. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Mwishowe Brighton alimpita ndugu yake mlangoni bila kumgusa, akaingia ndani, akatoka na viatu vyake mkononi. Alivivalia ndani ya lifti.

Susan alikuwa akiwangoja mjini, kwenye chumba cha mawakili ndani ya mahabusu, chumba kidogo kisicho na dirisha. Badawy alitafsiri, Susan akaandika kwa mkono, akimrudisha Brighton kwenye tarehe na saa mara tatu tatu. Karamu ilikuwa siku gani? Mama mwenye nyumba anaitwa nani? Kahawa ilinunuliwa duka gani? Hakumwonea wala hakumbembeleza. Walipomaliza ilikuwa saa saba na nusu, na askari akamleta Zachariah.

Nguo za rangi ya chungwa zilikuwa zinampwaya. Alimwona Brighton, akatabasamu, akampa mkono. "Umekuja. Nilikuwa naogopa nitasaini nikiwa peke yangu."

Susan alimwekea maelezo mezani bila kusema kitu. Zachariah aliyasoma. Akarudi mwanzo, akayasoma tena, kidole kikifuata mistari. Tabasamu lilimtoka pole pole.

"Jairus alimpungia mkono?" aliuliza.

"Ndiyo," Brighton alisema.

"Na wewe ulijua lini?"

"Siku hiyo hiyo. Saa moja asubuhi alikuwa ameshafika kwangu."

"Kwa hiyo zile Jumapili tatu ulizokuja kunitembelea, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Zachariah alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayejumlisha. "Jumapili ya mwisho ulinishika mkono hapa hapa. Ukaniambia, Zach, hawa watu hawatakuamini, kiri upunguziwe. Ukalia. Mimi ndiye niliyekubembeleza."

Hilo Badawy hakulijua. Alimgeukia Brighton, na hata yule askari wa mlangoni, asiyejua neno la Kiswahili, aliacha kutazama saa yake.

"Ni Walter aliniambia nikwambie," Brighton alisema, uso ndani ya viganja.

Susan aliuliza kwa Kiingereza nini kimetokea. Badawy alimwomba angoje.

Zachariah aliigeuza karatasi ya maelezo imwelekee Brighton, akaweka kalamu juu yake, akaisukuma mpaka ng'ambo ya meza.

"Saini," alisema. "Halafu Jumapili usije."